Uvimbe wa Kizazi Haukuletwa na Digrii

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kicheni pati saa nne nzima. Nilichanga laki moja, nikaambulia sambusa mbili zilizopoa. Hilo nimesamehe. Nisilosamehe ni kungwi aliyesimama mbele ya ukumbi uliofurika, akamwambia bibi harusi: "Zaa mapema, mwanangu. Hawa wanaokimbizana na digrii, kizazi kikikaa bure kinaota uvimbe, na mimba ikija uvimbe unaila."

Ukumbi ukapiga vigelegele. Kando yangu alikaa binti wa shangazi yangu, mwenye shahada mbili na mimba ya wiki 14. Juma lile lile utrasaundi ilikuwa imemwonyesha uvimbe mmoja. Aliiweka soda chini, hakuigusa tena.

Basi kungwi anijibu. Shangazi yangu, mama wa binti huyo, alizaa akiwa na miaka 18, akafikisha watoto sita. Kizazi chake hakikupata mwaka wa kupumua, sembuse kukaa bure. Alipofika miaka 44 kikatolewa, kimejaa uvimbe. Yeye digrii alisomea wapi? Aliishia darasa la saba.

Huko Marekani watafiti waliwapima wanawake kwa utrasaundi, wanaoumwa na wasioumwa, wakakadiria kwamba hadi kufikia miaka 50, zaidi ya 80 kati ya wanawake weusi 100 huwa wameota uvimbe huu, na weupe karibu 70. Wote hao walichelewa kuolewa? Waliozaa wana nafuu, sikatai, lakini nafuu si kinga. Muulizeni shangazi.

Mwingine ataniambia bibi zetu hawakuwa nao. Walipimwa na nani, na kwa tochi gani? Bibi akitokwa damu siku kumi, mlisema amelogwa, na jirani akahama kijiji. Wengine wanaisingizia sindano ya uzazi wa mpango, ilhali watafiti wamewakuta wanaochoma sindano ya miezi mitatu wakiwa na uvimbe mchache kuliko wenzao.

Na hauli mtoto. Hauna meno. Ni msuli wa kizazi chenyewe uliojikunja kama ngumi, na ni nadra mno kuwa saratani. Wengi hubeba mimba na kujifungua salama bila kujua kama wanao. Cha kumuuliza daktari ni umekaa wapi. Ulioota chini, karibu na mlango wa kizazi, unaweza kumzibia mtoto njia, ikabidi upasuaji. Upo unaokosa damu ya kuulisha mimba ikiwa katikati, ukauma vibaya siku kadhaa. Mama hulazwa, akapumzishwa na kupewa parasetamo. Baada ya kujifungua damu inaweza kumwagika nyingi, kwa hiyo mwenye uvimbe mkubwa akazalie hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Hayo ndiyo ya kumfunda mwari. Kungwi hakugusa hata moja, na bahasha yake alipokea.

Juzi shangazi yuleyule, mwenye kovu lake tumboni, kamletea bintiye chupa ya dawa ya "kuyeyusha uvimbe". Lita nzima, shilingi elfu sitini, haina hata jina la mti. Kwa mimba changa namna ile! Nimeimwaga yote chooni. Elfu sitini zake aje azidai kwangu.