Enka iliyoteguka msimu uliopita

Kijana akirudi likizo kutoka chuoni anachechemea, swali la kwanza nyumbani huwa ni nani aliyemchezea rafu. Swali lenye faida zaidi ni hili: enka hiyo imewahi kuteguka?

Kwa wachezaji, kuteguka kwa zamani ndiyo dalili kubwa kwamba mguu utateguka tena. Kano za upande wa nje wa kifundo zikivutika au kuchanika, huweza kupona zikiwa zimelegea. Pia mguu hupoteza wepesi wa kuhisi umekanyaga vipi, hivyo misuli huchelewa kuukamata unapopinduka. Maumivu huisha mapema kuliko udhaifu huo. Kijana akitembea vizuri, anaonekana kapona, na Jumamosi yuko uwanjani.

Uzito nao umo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu wanafunzi wa sekondari wa Marekani wanaocheza futiboli ya kwao (ile ya kofia ngumu) ulionyesha kuwa aliyezidi uzito na aliyewahi kuteguka alikuwa na hatari mara 19 ya kuteguka bila kugongwa, akilinganishwa na mwenye uzito wa kawaida asiyewahi kuumia.

Viwanja vyenye mashimo vinalaumiwa sana, na si bure, lakini mzazi hawezi kusawazisha kiwanja cha chuo. Mazoezi anaweza kuyasimamia. Watafiti haohao waliwasimamisha wachezaji wa aina hiyo kwa mguu mmoja juu ya sponji, dakika 5 kila mguu, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 kabla ya msimu, kisha mara 2 kwa wiki ligi ikiendelea. Kuteguka kulipungua kwa asilimia 77. Nyumbani, kipande cha godoro kinaweza kufanya kazi hiyo, karibu na ukuta wa kushika.

Akiumia leo, maji ya moto na kuchua visubiri. Siku mbili za mwanzo ni barafu ndani ya kitambaa, bandeji, na mguu juu ya mto. Akishindwa kupiga hatua 4, au mfupa wa kifundo ukiuma unapobonyezwa kwa nyuma, apelekwe hospitali apigwe eksirei siku hiyohiyo.

Na kabla ya kurudi mazoezini, mwambie asimame kwa mguu ulioumia, kisha auruke huohuo mara kadhaa. Akiyumba au akikunja uso, viatu vibaki kwenye begi.