Umesogeza! Nani, Mimi?

Wale wa siku zote mnajua kwamba mimi na mzee wangu tunaishi Nottingham, Uingereza. Mji huu ndiyo makao makuu ya Games Workshop, kampuni inayotengeneza Warhammer. Kwa asiyeijua, hiyo ni michezo ya vita ya mezani iliyoanza mwaka 1983. Kila mtu ana jeshi lake la vijisanamu, vingi si virefu kuliko kidole gumba, na kila kimoja kimegundishwa juu ya kitako cha plastiki. Mnavisogeza kwa kupima na futikamba, mnarusha dadu, mnahesabu waliokufa. Usiku wa baridi huku ni mrefu jamani, na watu wawili waliotoka kazini wamechoka wanahitaji kitu cha kufanya pamoja zaidi ya kukodolea televisheni macho. Sisi tumechagua hiki.

Sasa niwaambie kitu. Ugomvi mkubwa wa mchezo huu hautokani na nani kashinda. Unatokana na neno moja tu: "Umesogeza!"

Hebu fikiria. Katika kanuni za Warhammer 40,000 za mwaka 2023, askari wa maadui wawili wakiwa ndani ya inchi 1 wanahesabiwa wamekabana na wanaweza kupigana mkono kwa mkono. Inchi 1 ni milimita 25.4 tu. Mtu akiigusa meza kwa goti, au kijisanamu kikiteleza taratibu kwenye mteremko wa kilima cha kuigiza, hesabu yote imebadilika. Mmoja anaona kaibiwa. Mwingine anaona kaitwa mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na wote wawili wanasema kweli! Kilichohama ni plastiki.

Ndiyo maana nasema: kabla hujamkagua mwenzio, kagua meza.

Wazee wetu walilimaliza tatizo hili zamani. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila kete imelala shimoni mwake. Nani atasema imeteleza? Lakini wale wa drafti ya vizibo vya soda mnanielewa. Ubao uko magotini, mmoja kacheka kwa nguvu, kingi kaenda matembezi.

Tuanze na jaribio dogo. Weka kijisanamu juu ya jalada la kitabu kigumu, kisha inua upande mmoja polepole. Angalia umefika kimo gani kinapoanza kuteleza. Bandika kipande chembamba cha mpira chini ya kitako, rudia. Utaona mwenyewe kwamba sasa unainua juu zaidi. Plastiki juu ya rangi laini haina mshiko, mpira unao. Siri yote ni hiyo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kitandiko. Tandika mezani mkeka wa mpira wenye kitambaa juu, kama kile cha kuwekea mausi ya kompyuta, ila mkubwa. Kama hupati, ile neti ya mpira inayowekwa chini ya zulia lisiteleze inafaa kabisa, hasa ukiifunika na kitambaa.

Ya pili ni kwa ajili ya vilima, ambako mkeka haufiki. Vitone vitatu vya mpira chini ya kitako vinatosha, vyote vya unene mmoja, la sivyo askari wako atayumba kama katoka baa. Vifute kwa kitambaa chenye unyevu mara kwa mara, maana vumbi likijaa mpira hauna kazi. Kama unatengeneza kilima mwenyewe, kikate kwa ngazi, kila ngazi iwe bapa na pana kuliko kitako. Au paka gundi nyeupe ya mbao, mwagia mchanga, acha ukauke kisha upake rangi.

Ya tatu ni uzito, na hapa wengi wanajidanganya. Uzito peke yake hauzuii kuteleza mteremkoni. Ukiuongeza, msuguano unaongezeka, lakini na nguvu inayokivuta chini inaongezeka vilevile. Faida yake ni nyingine: kijisanamu hakipinduki ovyo, na kiwiko kikikigusa hakirushwi mbali. Huku watu hubandika sarafu ya peni 1 ndani ya kitako. Ina upana wa milimita 20.3 na uzito wa gramu 3.56. Kwenu washa ya chuma kutoka duka la vifaa vya ujenzi inafanya kazi ileile.

Ya nne ni sumaku: kidogo chini ya kitako, na bati jembamba la chuma juu ya kilima au kwenye trei. Inashika bomba! Lakini sikilizeni, hapa sitanii. Mtoto akimeza sumaku mbili ndogo zenye nguvu, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ukihisi mtoto kameza, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri aumwe. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, mimi nashauri mbaki na mpira.

Ya tano itawafurahisha. Wanaosogeza kikosi kizima kwa pamoja hutumia trei zenye visahani vya duara, kila kitako kinakaa chake. Mnaona? Ni mashimo ya bao, yamerudi kwa mlango wa nyuma.

Na bado kutakuwa na mahali ambapo mpira wala sumaku havitasaidia, labda juu ya paa lililovunjika. Kanuni za Warhammer 40,000 za mwaka 2017 ziliweka jambo zuri sana: kijisanamu kisichoweza kusimama salama kiwekwe pembeni, mradi wachezaji wote wawili wamekubaliana na wanakumbuka mahali pake halisi. Sisi tunaacha dadu ndogo pale kilipopaswa kuwa, na kila mmoja anasema kwa sauti, "Nimepaona."

Nimepaona. Neno dogo, lakini limetunza amani kuliko samahani kumi, kwa sababu linasemwa kabla ya ugomvi. Mtu mliyekubaliana naye mapema hamhitaji kumshuku baadaye. Jaribuni na kwenye mambo mengine yanayoteleza, kama pesa ya matumizi na saa ya kurudi nyumbani.

Haya, tandikeni meza, mchague majeshi. Anayeshindwa aoshe vyombo. Tukutane mwezi ujao!