Nani Amlipe Mwanagenzi?

Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani waagizao visu vya Sakai, mji wa kale ulio jirani ya Osaka huko Japani, hujadiliana kama ni heri mafundi waajiriwe kwa mshahara wa mwezi, au waendelee kupewa kazi kwa mkataba, kila mmoja akijitegemea katika karakana yake. Na aghalabu jawabu hutolewa kwa hesabu ya gharama peke yake, kana kwamba kinachoagizwa ni shehena ya mchele.

Sakai yenyewe ilikwisha kuchagua mkataba tangu zama za visu vya kukatia tumbaku, ambavyo serikali ya Shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, ilivipa muhuri wake. Kisu cha huko hakifanywi na mtu mmoja. Mhunzi huunga chuma laini na feleji motoni, akakifua hata kikapata umbo. Mnoaji, ambaye si mtu wake wala hakai naye, hukitia makali. Kisha hupelekwa kwa mwingine akatia mpini wa mti. Katikati yao yuko tajiri wa jumla, ambaye huagiza, hukusanya na hulipa kwa kipande, na mara nyingi jina lichorwalo ubavuni mwa kisu ni lake, si la aliyekifua. Mwaka 1982 serikali ya Japani iliutambua rasmi ufundi huu kuwa sanaa ya jadi.

Utaratibu huu una fadhila zake, kwani mtu akishika kazi moja miaka arobaini hufikia maarifa ambayo kiwanda hakiyapati. Itazame saa ya kukizamisha kisu majini: mhunzi hukipaka tope jembamba, akaitia karakana giza apate kuisoma rangi ya chuma kilichowaka, maana hutegemea jicho lake kuliko kipimo chochote. Akikosea kidogo, kisu hupinda au hupasuka. Je, hasara hiyo ni ya nani? Mwajiriwa akiharibu, hasara ni ya tajiri na mshahara hauguswi. Alipwaye kwa kipande akiharibu, mkaa, feleji na asubuhi nzima vimekwenda bure, kwa kuwa kisu kilichopasuka hakina mnunuzi. Wako wasemao kwamba hofu hiyo ndiyo imlindayo mnunuzi, nami sikatai kwamba ina nguvu yake. Walakini hofu hiyo hiyo humzuia fundi asimpe kijana chuma akijaribu.

Hapa ndipo penye mashaka yote. Kujifunza kazi hii ni jambo la miaka, na katika miaka ya mwanzo mwanagenzi huharibu vingi kuliko avifanyavyo vikafaa, ilhali ujira wa kipande hauna fungu la uharibifu wala la posho yake. Zamani mzigo huo ulibebwa na jamaa: mwana alikula na kulala karakanani mwa babaye, wala hakuna aliyeuhesabu ujira wake. Leo kijana wa Sakai ana njia nyingine za riziki, na mafundi wengi wamekwisha kuwa wazee. Sheria ya Japani iliyoanza kutumika Novemba 2024 humlazimisha mtoa kazi kuandika masharti na kulipa ndani ya siku 60 tangu kupokea kazi; ni insafu, lakini imewakusudia mafundi wa mkataba wasioajiri mtu, kwa hiyo swali la mwanagenzi limebaki pale pale.

Asidhani mtu kwamba kujitegemea ni uungwana siku zote. Katika Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, karne ya 19, wanoaji wengi walihesabiwa kuwa mabwana wa nafsi zao, nao walikodi nafasi penye gurudumu na kulipia nguvu ya mvuke kwa fedha zao wenyewe. Vumbi la jiwe likawajaa mapafuni, na waliozinoa uma bila ya maji wakafa wangali vijana, wala hapakuwa na tajiri wa kuulizwa, kwa kuwa hawakuwa watumishi wa mtu. Uhuru wa namna hiyo ulimfaa mnunuzi zaidi kuliko fundi.

Rai yangu ni kwamba fundi aliyekwisha kuwa mahiri aachwe na mkataba wake, mradi awe na wanunuzi zaidi ya mmoja na uwezo wa kuikataa bei mbaya. Akikosa hayo, yeye ni mwajiriwa aliyenyimwa haki za mwajiriwa. Anayestahili kuajiriwa ni mwanagenzi, na mwajiri wake awe tajiri wa jumla, alipe mshahara na feleji itakayoharibika. Baadhi ya matajiri wa Sakai wamekwisha kuwaweka wanoaji vijana katika karakana zao. Wengine hulalamika kwamba kijana akikwisha kujua ataondoka. Na aondoke: huko aendako bado atahitaji wa kuvinunua visu vyake, na tajiri bado atahitaji visu vya kuuza.

Mwagizaji wa London au New York, ambaye ni muhali kwake kumwajiri mtu Sakai, anaweza walau kutoa oda ya miaka mitatu badala ya miezi mitatu, na kutanguliza sehemu ya malipo kabla chuma hakijaingia motoni. Maana tajiri wa Sakai hathubutu kumwahidi kijana mshahara wa mwaka ujao kwa oda ya mwezi huu.