Haijathibitishwa

Liko neno moja ambalo wewe, msomaji kijana, utalisikia mara nyingi maishani mwako, nalo ni hili: "Haijathibitishwa." Mwenye kiwanda hulitamka aulizwapo kama kemikali zake zaweza kuwaletea watu saratani. Mfanyabiashara hulikariri, na mnunuzi hurudi nyumbani ametulia moyo. Sisemi kwamba neno hilo ni uongo. Nasema kwamba aghalabu hutumiwa kufunika jambo, maana kutothibitishwa kwa madhara si kuthibitishwa kwa usalama. Aliyefumba macho hawezi kuapa kwamba njiani hapana nyoka.

Hebu tuulize uthibitisho hupatikanaje. Njia ya kwanza ni kuwatazama wagonjwa. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliona kwamba watu waliosafisha dohani tangu utotoni walishikwa na saratani ya ngozi ya korodani, akayataja masizi kuwa ndiyo asili yake. Mwaka 1895 Ludwig Rehn wa Ujerumani aliona saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Njia hii ina nguvu, kwani shahidi wake ni mwanadamu mwenyewe. Lakini tazama gharama yake! Haisemi neno mpaka watu wawe wameugua. Tena saratani haina haraka: avutaye vumbi la asbestosi leo aweza kuugua baada ya miaka 30 au 40. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake waliandika habari za wagonjwa 33 wa Afrika ya Kusini, wenye saratani adimu ya utando wa mapafu. Baadhi yao hawakuchimba asbestosi kamwe. Waliishi tu karibu na migodi walipokuwa watoto.

Njia ya pili ni kujaribu kwa wanyama. Mwaka 1915 Yamagiwa na Ichikawa wa Japani walitangaza kwamba lami ya makaa ya mawe, iliyopakwa mara kwa mara masikioni mwa sungura, iliotesha saratani. Wako waidharauo njia hii wakisema, "Mimi si panya." Naam, wewe si panya. Lakini sikiliza habari za kloridi ya vinili, gesi itumiwayo kutengenezea plastiki. Cesare Maltoni wa Italia aliwavutisha panya gesi hiyo, akaona saratani adimu ya ini. Mwaka 1974 ikatangazwa kwamba saratani iyo hiyo imewaua wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha plastiki mjini Louisville, Marekani. Panya walikuwa wamekwisha kutoa ushahidi wao.

Sikwambii, hata hivyo, uogope kila kitu chenye jina la kemikali. Hofu isiyopima ni ndugu wa uzembe usiojali. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoundwa mwaka 1965 na lenye makao Lyon, Ufaransa, hupanga vitu kwa makundi kulingana na nguvu ya ushahidi. Asbestosi, benzini na kloridi ya vinili vimo katika kundi la kwanza, yaani vyajulikana kwa yakini kuwa huleta saratani. Nyama za kusindikwa, kama soseji, nazo zimo. Lakini haifuati kwamba soseji na asbestosi hudhuru sawasawa. Kundi hueleza uhakika wa ushahidi. Wingi wa hatari hutegemea kiasi kiingiacho mwilini, njia ya kuingia na muda. Bati la asbestosi lililo zima juu ya paa si sawa na bati lile lile likatwapo kwa msumeno, vumbi lake likaingia mapafuni.

Basi nani abebe mzigo wa kuthibitisha? Mahakamani mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ushahidi umtie hatiani, na ni haki, kwa kuwa yeye ni mtu. Kemikali si mtu; haina haki ya kudhaniwa njema. Auzaye ndiye apatae faida, na ndiye apaswaye kuonyesha kwamba bidhaa yake imepimwa kabla haijafika mikononi mwetu. Hapa Kenya kanuni za mwaka 2006 ziliitaja asbestosi kuwa taka ya hatari; lakini wakati huo ilikuwa imekwisha kuezekwa juu ya vichwa vya watu, na vya wanafunzi pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, siku utakapoambiwa "Haijathibitishwa," usiridhike wala usikimbie. Uliza: Nani aliyepima? Alipima nini, kwa muda gani, na nani aliyemlipa? Akikosa jibu, ujue kwamba mpimaji ni wewe, na kipimo ni mwili wako.