Tamko kuhusu maandiko ya Maporomoko na haki ya kuyasoma

Sisi, walimu wa historia, wakutubi na watafiti wa Kisangani tulioungana katika chama kimoja, tunautangazia umma na mamlaka zinazohusika haya yafuatayo.

1. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliteuliwa kuwa liwali wa Maporomoko, ndiyo Kisangani ya leo. Baadaye, akiwa Unguja, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Wanachosoma watu sasa si mwandiko wake, bali ni maneno kama yalivyogeuzwa kwa herufi za Kilatini na Heinrich Brode na kuchapishwa Berlin kuanzia mwaka 1902. Hata tafsiri ya Kifaransa ya kitabu hicho, iliyotolewa na Bontinck mwaka 1974, imesimama juu ya kazi hiyo ya Brode. Aliyesomea hati za Kiarabu anajua uzito wa jambo hili: katika Kiswahili cha zamani herufi moja ya *be* ilibeba *b*, *p* na *mb*, na msomaji ndiye aliyeamua. Kwa majina ya vijiji, mito na watawala wa bara, uamuzi wa Brode umetufunga hadi leo.

2. Hasara ya kukosa andiko la asili imewapata wengine pia. Mwandishi wa tarikh ya Kilwa aliahidi sura kumi. Nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, ambayo sasa iko London, ina saba. Huko Ulaya, tarikh kadhaa za Kilatini za zama za kati zimebaki kwa nukuu tu ndani ya vitabu vya wengine. Hata hivyo, tarikh ya watawa wa Niederaltaich, iliyodhaniwa imepotea, mwanahistoria Giesebrecht aliiunda upya kwa nukuu mwaka 1841, na mwaka 1867 nakala yake ikaonekana katika karatasi za zamani. Kwa hiyo chama hakikubali kwamba andiko lisiloonekana limekwisha kufa, maadamu karatasi zimetunzwa na wasomaji wanaruhusiwa kuzifikia.

3. Barua na mikataba ya Waswahili na Waarabu wa mashariki ya Kongo, ikiwamo ya zama za Rashid bin Mohammed, aliyeshika Maporomoko baada ya Tippu Tip, imehifadhiwa Ubelgiji. Sehemu yake ilichukuliwa katika vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya Waswahili na Waarabu hao. Profesa Xavier Luffin ameichambua na kuichapisha, na tunamshukuru. Lakini mwanafunzi wa Kisangani bado anahitaji viza ili aone barua iliyoandikwa hatua chache kutoka darasani kwake.

4. Ieleweke kwamba chama hakimwombei Tippu Tip heshima yoyote. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na vijiji vya Mto Kongo vililipa gharama yake. Wagenya, wavuvi wa mto huo, wana masimulizi yao kuhusu miaka ile, nayo yanastahili kuwekwa mezani pamoja na karatasi za watawala. Lakini aliyedhulumiwa ana haki ya kusoma maandishi ya aliyemdhulumu, tena kabla ya mtu mwingine yeyote.

5. Kwa hiyo chama kinazitaka taasisi za Ubelgiji zinazohifadhi hati hizo kutoa nakala za picha, kamili na bila malipo, kwa Chuo Kikuu cha Kisangani. Serikali ya Jimbo la Tshopo inaombwa kutenga chumba kikavu, chenye umeme wa uhakika, kwa ajili ya hati hizo. Nakala zitakazoliwa na mchwa hazitamfaa mtu. Familia zenye karatasi za mababu kwa herufi za Kiarabu zinaombwa zisizichome wala kuzizika. Chama kitazipiga picha nyumbani kwao, mbele ya wenyewe, na karatasi zitabaki mikononi mwao.

6. Barua yenye madai haya inapelekwa kwa wahusika wote, na majibu yao, yatakapofika, yatasomwa hadharani.

Limetolewa Kisangani, kwa idhini ya mkutano mkuu wa wanachama.