Kabla Juala Halijafika Jaani



Wasomaji wapenzi, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa hapa Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu yake si ndogo: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Mifuko ile ikapungua madukani, nasi tukarejea kwenye vikapu vyetu. Lakini mwenye kuitazama ndoo ya taka ya nyumba yoyote ya mjini ataona kwamba plastiki laini haikuondoka. Imo katika mkate wa asubuhi, paketi ya maziwa, ya sukari, ya mchele na ya nepi za mtoto. Bidhaa zinazofungwa kiwandani ziliachwa nje ya marufuku, kwa hivyo plastiki hiyo huingia nyumbani kila siku kwa njia halali. Swali la wapi iende baada ya hapo limeachiwa jikoni, na jikoni kwingi bado halijajibiwa.

Aghalabu hupita njia mbili. Ya kwanza ni jaa. Juala ni jepesi. Upepo hulitoa jaani likaingia mtaroni, na mvua za masika hulikokota hadi baharini. Huko kasa hulidhania ni yavuyavu, akalimeza. Nchi kavu, mbuzi huvutwa na harufu ya chakula iliyobakia ndani yake. Hulila, likajisokota tumboni lisiyeyushwe wala lisitoke, mpaka mnyama akafa na mwenyewe asijue sababu.

Njia ya pili ni moto, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi kwa kuwa tunaiwasha wenyewe. Moto wa uani hauna joto la kuiteketeza plastiki ikaisha. Hutoa masizi na gesi za sumu, na ikiwa mna plastiki ya aina ya PVC, hutoa dioksini, sumu ambayo ikishaingia mwilini hukaa miaka. Moshi nao haubishi hodi. Jirani mwenye mtoto wa pumu, mja mzito wa nyumba ya pili, na bibi aliyekaa barazani kupunga upepo wa magharibi, wote huuvuta pasi na kuulizwa. Sharia imetukataza kudhuru na kudhuriana, na imelihesabu tendo la kuondoa udhia njiani kuwa ni sehemu ya imani. Sasa itakuwaje kwa anayeutoa udhia huo nyumbani mwake akaupeleka kwenye pua ya jirani?

Ipo njia ya tatu, nayo ni kukusanya ili plastiki ichakatwe upya. Ni lazima tuseme kweli: kwa plastiki laini, njia hii ni ngumu kuliko kwa chupa. Waokotaji wanaopita mitaani huchukua chupa na madumu wakaacha majuala, na hawana lawama. Juala halina uzito. Atainama mara mia asipate hata kilo moja. Viwandani pia halipendwi, kwa kuwa hujizungusha kwenye mashine zikakwama. Tena likishafika jaani limepaka mchuzi, mchanga na uozo, na uchafu wa machache huharibu shehena nzima.

Hapo ndipo palipo na kiini cha jambo hili. Thamani ya juala hupotea katika zile dakika chache baina ya kufunguliwa na kutupwa. Likitoka jikoni safi na kavu, ni mali ghafi. Likitoka chafu, hakuna mtambo wala mradi utakaolirudishia thamani yake kwa urahisi. Kwa hivyo kazi hii haianzii kiwandani. Huanzia kwa aliyeshika mkasi na paketi ya maziwa.

Wako wanawake waliolitambua hili mapema. Katika kijiji cha Njau, nchini Gambia, ambako watu wengi ni Waislamu kama sisi, Bi Isatou Ceesay na wenzake wanne walianza mwaka 1997 kuokota majuala yaliyozagaa, wakayaosha, wakayaanika, wakayakata kuwa nyuzi ndefu na kuzifuma vikoba vya kutilia pesa. Mbuzi wa kijiji walikuwa wakifa kwa kula plastiki, na maji yaliyotuama ndani ya mifuko yalikuwa yakizaa mbu. Mwanzo walichekwa, wakawa hata wanafanya kazi yao kwa kujificha. Vikoba vilipopata wanunuzi, kicheko kikaisha na wanawake wengine wakajiunga. Mwaka 2015 Gambia yenyewe ikapiga marufuku mifuko ya plastiki.

Nasi hatuko mbali na ujuzi huo. Mikono iliyozoea kusuka ukili wa miyaa na kuushona ukawa mkeka haiwezi kushindwa na uzi wa juala. Lamu, chini ya fundi Ali Skanda, ilijengwa jahazi ya Flipflopi kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, ikashushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikasafiri hadi Unguja. Nairobi nako, mhandisi Nzambi Matee huchanganya plastiki na mchanga akatoa matofali ya kutandika njiani. Kazi zote hizi zilihitaji kitu kimoja kwanza: plastiki iliyochambuliwa.

Basi tuanzeje mtaani? Nyumba moja peke yake haitoshi, kwani paketi tupu ya maziwa ina uzito wa gramu chache tu, na kilo moja hutaka mamia. Nyumba 20 zilizokubaliana zinaweza. Chama cha akina mama kilichokwisha kuzoea kuchangishana kina kila kinachohitajika: uaminifu, daftari na siku maalumu ya kukutana.

Kwanza, chambua. Lishike juala kwa vidole gumba viwili ulivute. Likirefuka kabla ya kukatika, kama la maziwa au la kufungia nepi, ndilo linalotafutwa zaidi. Likichakarika na kuchanika ghafla, au likiwa ndani linang'aa kama fedha, kama la krispi na baadhi ya biskuti, liweke kando. Hilo limegandishwa matabaka ya vitu mbalimbali ambayo ni shida kuyatenganisha, na wanunuzi wengi hawalitaki.

Pili, osha bila israfu ya maji. Maji ya mwisho ya kusuuzia vyombo yanatosha. Paketi ya maziwa ikatwe upande mmoja wote ifunguke, isuuzwe, kisha ianikwe kwenye kamba ya nguo hadi ikauke kabisa. Ikifungiwa mbichi itaota ukungu na kunuka, na gunia zima litakataliwa.

Tatu, hifadhi. Gunia moja la kila nyumba, mbali na moto na mbali na watoto wadogo, kwani juala likifunika uso wa mtoto humziba pumzi. Siku iliyoafikiwa, tuseme Jumamosi watoto wakisharudi chuoni, magunia yakusanywe mahali pamoja na kupimwa, na kila uzito uandikwe.

Nne, uza kwa uangalifu. Ulizeni bei kabla ya kukusanya, na mhakikishe mnunuzi ana leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. La sivyo mtakuwa mmemlipia mtu safari ya kwenda kuyatupa mahali pengine. Wala asijaribu mtu kuyeyusha plastiki kwa sufuria nyumbani ili atengeneze matofali. Mvuke wake ni ule ule tulioukimbia uani. Kazi hiyo iachiwe wenye mitambo na mahali panapofaa.

Pato lenyewe halitakuwa kubwa, na si vyema kuwaahidi watu utajiri. Lakini dogo lililo wazi daftarini huzaa imani, na chama kitashauriana kama kigawane au kinunulie chuo misahafu na mikeka.

Najua wako watakaouliza: kwa nini sisi tuoshe taka za wenye viwanda? Swali hili ni la haki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka msingi kwamba mzalishaji ana wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumika, na serikali za kaunti nazo zina wajibu wa ukusanyaji. Tuudai wajibu huo katika mikutano ya wadi na kwa wawakilishi wetu. Ila dai huwa na nguvu zaidi likitolewa na watu wenye daftari. Mama atakayesimama akasema mtaa wake umekusanya kilo kadhaa kwa miezi mitatu, na kwamba kinachokosekana ni gari la kuzichukua, hatajibiwa kirahisi kama anayelalamika tu. Na tukingoja wote watimize wajibu wao ndipo tuanze, mbuzi watakula na moshi utapanda.

Wiki hii, basi, kabla hujatupa paketi ya maziwa, ikate, isuuze, ianike. Kisha gonga mlango wa jirani umueleze ni ya nini. Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba safi, majirani wanaosalimika nasi, na bahari itakayowalisha wajukuu zetu kama ilivyowalisha mababu zetu. Amin.

Wassalamu alaykum.