Presha ya mmoja, chungu cha wote

Wapo watu wengi Kaskazini Mashariki wanaoamini hadi leo kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri wa Nairobi, wenye vitambi na magari. Mchungaji wa ngamia, wanasema, hana habari nayo. Zamani maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Leo yanaua.

Tazama Kutulo, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Elwak. Katika miji kama huo wametua watu wengi waliokuwa wakihamahama na mifugo, hasa baada ya ukame ulioanza 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Aliyekuwa akitembea kutwa nyuma ya ngamia sasa anaketi kibarazani. Maziwa aliyokamua mwenyewe sasa anayanunua kwa kikombe, na badala yake anakula baasto, wali wa mafuta mengi, anjera na chai iliyokolea sukari.

Mabadiliko ya namna hii yaliwahi kuchunguzwa na wataalamu papa hapa Kenya. Katika miaka ya 1960, A. G. Shaper na wenzake waliwafuatilia vijana wa Kisamburu walioacha mifugo wakajiunga na jeshi. Kambini walikula chakula chenye chumvi nyingi kuliko cha nyumbani, na kadiri walivyozidi kukaa jeshini presha yao ilipanda. Mnamo 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti juu ya Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Muda si mrefu baada ya kuhama, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi.

Watu hawa hawakubadilisha ukoo wala damu. Walibadilisha chakula na mwenendo wa maisha. Basi kilichopandishwa na chakula na mwenendo kinaweza, kwa kiasi kikubwa, kuteremshwa na hivyo hivyo.

Kwanza, pima. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudi hivyo siku nyingine, iko juu. Usingoje kuumwa kichwa, kwani wengi hawasikii lolote mpaka siku wanapopatwa na kiharusi, moyo unapochoka au figo zinapokufa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu.

Pili, punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, vibanzi na vidonge vya supu. Hesabu ni rahisi. Nyumba ya watu wazima watano haipaswi kumaliza pakiti ya nusu kilo kabla ya siku 20. Ikiisha kwa siku 10, mnakula maradufu. Wengine hujitetea kwamba joto letu linahitaji chumvi nyingi kwa sababu ya jasho. Kwa walio wengi, chumvi iliyomo tayari katika chakula inatosha. Joto linataka maji.

Tatu, kula mboga, matunda na maharagwe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 uliwapa watu mboga na matunda kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na nyama na mafuta kidogo. Katika wiki 8, wale wenye presha ya juu walishuka kwa takriban 11 katika namba ya juu, kiasi kinachokaribia nguvu ya kidonge. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwani baadhi ya vyakula hivi havimfai.

Nne, tembea. Dakika 30 za mwendo wa haraka, siku 5 kwa wiki, zinatosha. Jua letu ni kali, kwa hiyo toka baada ya swala ya alfajiri au kabla ya magharibi. Aliyenenepa akipunguza hata kilo chache ataona tofauti.

Tano, acha sigara na miraa. Miraa hupandisha presha na kuukimbiza moyo, na anayeitafuna hukaa kitako saa nyingi huku akinywa soda na chai tamu.

Msomaji, ushauri huu hutolewa kila siku kliniki, na kila siku hushindwa nyumbani. Sababu ni kwamba sisi madaktari humwambia mgonjwa peke yake. Anarudi nyumbani, anapikiwa kisufuria chake cha chakula kisicho na chumvi, huku wengine wakila sinia moja lenye harufu tamu. Katika jamii yetu, kula peke yako ni adhabu. Baada ya wiki mbili mzee anarudi kwenye sinia, na nani atamlaumu?

Maoni yangu ni kwamba kisufuria cha mgonjwa kiondolewe, na chungu cha wote kipunguzwe chumvi na mafuta. Punguzeni kidogo kidogo kila wiki, na ulimi utazoea. Tumieni ndimu, vitunguu saumu, bizari na iliki. Watoto wanaokula sinia hilo watakingwa kabla ya kuugua, na mzee atakula na watu wake.

Wafanyabiashara na viongozi wetu nao wana sehemu yao. Ndizi, mapapai na maembe hulimwa Garissa kando ya Mto Tana, na kuna mashamba Mandera kando ya Mto Daua. Miraa ya Meru huvuka jangwa na kufika ikiwa bado mbichi. Iweje sukuma wiki inayofika iwe haba na ghali? Njia ya kuileta ipo, kinachokosekana ni atakayeona faida ndani yake.

Nawe unayesoma haya Eastleigh au Garissa mjini na kutuma pesa nyumbani kila mwezi, nunua pia mashine ya kupimia presha ya mkononi, itumike na ukoo mzima.

La mwisho, asije mtu akatupa dawa kwa sababu amesoma makala hii. Vidonge na chakula bora husaidiana. Dozi hupunguzwa na daktari baada ya kupima, si na mgonjwa baada ya kujisikia vizuri. Ramadhani ikikaribia, mwone daktari mapema ili apange saa za dawa kati ya futari na daku. Na ukienda kliniki safari ijayo, usiende peke yako. Nenda na anayepika.